Marejea, mukuna, kunde au majani ya kukata? Kuchagua chanzo cha naitrojeni kwa shamba hai mkoani Tanga

Mkulima wa mdalasini au pilipili manga wa Muheza akishaingia kwenye kikundi cha kilimo hai, yurea imeshafungiwa mlango. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, kile cha mwaka 2007 kilichokuja na alama ya Kilimohai, hakina ruhusa ya pembeni kwenye hilo. Viungo vyenyewe havilalamiki sana, maana vinakaa chini ya miti na majani yanaanguka mwaka mzima. Njaa inaonekana kwenye kipande cha mahindi na mboga nyuma ya nyumba, ambacho mkaguzi naye anakitembelea.

Kwenye vikao jibu hutoka haraka: panda mbolea ya kijani, yaani mimea kama marejea na mukuna inayolimwa ili ikatwe na kurudishwa udongoni. Sawa, ila ipi? Wengi huanza kwa kuuliza mmea gani unatoa naitrojeni nyingi zaidi, na kwa maoni yangu hapo ndipo uchaguzi unapopotea. Swali la kwanza ni hili: shamba lako liko tayari kukaa bila chakula msimu gani? Ukishalijibu, nusu ya mimea inajiondoa yenyewe kwenye orodha.

Tukubaliane kwanza kuhusu kiasi

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mahindi hayawezi kuinywa ilivyo. Jamii ya mikunde inaipata kwa sababu bakteria aina ya raizobia wanaishi kwenye vinundu vya mizizi yake na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Ng'oa mche mmoja taratibu kwa jembe, siyo kwa kuvuta, upasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa na wekundu au rangi ya waridi ndani, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au cha kijani, huo mkunde unakula naitrojeni ya udongo wako kama zao lingine lolote, na ukiufukia unajirudishia kilichokuwa chako. Sababu ya mara kwa mara ni upungufu wa fosforasi. Kwenye udongo wenye tindikali, kama wa Amani na Usambara, fosfeti ya Minjingu, mwamba uliosagwa wenye fosforasi, inasaidia na inaruhusiwa katika kilimo hai. Kwenye mchanga wa pwani ulio juu ya matumbawe usiitegemee, maana inahitaji tindikali ili iyeyuke.

Kiasi unaweza kukikadiria bila maabara. Weka vijiti vinne kuzunguka mita moja ya mraba, fyeka kila kilichomo, weka kwenye mfuko, pima kwa mzani wa dukani. Rudia sehemu tatu au nne za shamba, pazuri na pabaya, upate wastani. Kila kilo moja ya majani mabichi katika mita ya mraba ni takriban tani 4 kwa ekari. Yakikauka inabaki sehemu ya tano, tani 0.8 hivi, na mikunde mingi iliyokatwa wakati wa maua ina naitrojeni ya asilimia 2.5 kwenda juu. Kwa hiyo kila kilo moja ya mzani wako ni kama kilo 20 za naitrojeni kwa ekari. Mukuna iliyostawi ikikupa kilo mbili na nusu, una kilo 50.

Kilo 50 hizo zisikupande kichwani. Zao la kwanza huambulia sehemu ya tano hivi, mara zaidi mara pungufu. Nyingine inabaki kwenye mboji ya udongo na kutoka kidogo kidogo misimu inayofuata, na nyingine inapotea kwa mvua au hewani. Upande wa pili, mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na mahindi hayafaidi yote. Mara nyingi zaidi ya nusu inapotea. Ukiziweka mezani pamoja, ekari ya mbolea ya kijani iliyokubali vizuri inalingana na mfuko mmoja wa yurea kwa mahindi ya msimu huo, pamoja na akiba ardhini ambayo yurea haiachi. Mahindi ya magunia kumi kwa ekari yanabeba kilo 15 hivi za naitrojeni kwenye punje peke yake, na mabua yanabeba nyingine. Hiyo ndiyo saizi ya jambo. Anayekuahidi magunia thelathini kwa kufukia majani anauza mbegu.

Mukuna au marejea: hapa ndipo penye ubishi

Mwambie mtu wa Pangani apande upupu, atakuuliza mmegombana lini. Mukuna kweli ni upupu kwa ukoo, mmea ni ule ule, ila ile inayolimwa ni aina isiyowasha. Ganda bichi la upupu wa porini limejaa vinyweleo vigumu vya rangi ya kahawia yenye wekundu vilivyosimama. La mukuna ya shamba lina manyoya mafupi, laini, yaliyolala, yenye weupe. Ukiletewa mbegu na mtu usiyemfahamu, panda mashina machache pembeni usubiri maganda kabla ya kumwaga shamba zima. Huu siyo woga wa bure. Upupu ukishaingia shambani, vibarua hutawaona tena.

Tofauti kubwa ya hii mimea miwili iko kwenye umbo. Mukuna inatambaa na kuparamia. Marejea inasimama wima, inaweza kufikia mita mbili, ina maua ya njano na maganda yanayolia kama kayamba yakikauka. Mengine karibu yote yanatokana na hapo.

Kutambaa kunaifanya mukuna iwe mfunikaji. Ikishafunga, jua halifiki chini, na ndago, ambayo haipendi kivuli, inadhoofika. Kwa shamba lililochoka na kuvamiwa na ndago sioni mshindani wake. Lakini huko huko kutambaa kunaiharamisha kwenye michungwa ya Muheza, labda uwe na mtu wa kupita kila wiki kukata kamba zinazopanda miti. Ukipitiwa kidogo, mchungwa umevaa kanzu ya kijani. Kati ya mistari ya michungwa weka marejea, au kanavalia, mkunde mwingine ambao hauna pupa ya kupanda, unavumilia kivuli na ukame, na unakubali hata udongo uliokonda.

Mbegu ya mukuna ni kubwa, karibu gramu moja kila punje. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, punje moja kila shimo, ekari inataka mashimo kama elfu kumi na mia nane, yaani kilo 11 hivi. Ukiweka mbili mbili, zidisha. Marejea mbegu yake ni ndogo sana, unaimwaga kwa mkono na kuifunika kidogo kwa tawi, na kilo chache zinamaliza ekari. Mbegu zake zimezoeleka nchini tangu wamisionari Wabenediktini wa Peramiho, kule Ruvuma, walipoisukuma kwa wakulima miaka ya 1980, na kuivuna mwenyewe si kazi: acha kona moja ikauke.

Kwenye kukata, marejea inadai nidhamu. Siku zake ni wakati nusu ya mimea imechanua, kama miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu kupanda. Ukisubiri maganda yajae, shina linakuwa mti. Majani yenye naitrojeni yamepungua, shina lenye kaboni limeongezeka, na ukilifukia, vijidudu wa udongo wanaolimeng'enya wanachukua naitrojeni ya udongo ili wafanye kazi hiyo. Mahindi yako yatakuwa ya njano kwa wiki kadhaa, na utadhani mbolea ya kijani ni uongo. Mukuna inakusamehe ukichelewa. Haina shina la kuwa mti, ila kamba zake zinajifunga kwenye jembe, na mwenye pawatila akiziona mbichi atakugomea, kwa haki kabisa. Njia ya mukuna ni panga: kata kwenye shina mama chini kabisa, acha blanketi lote lilale lilipo, upande kwa kutoboa.

Mwenye nyanya, bilinganya au bamia aongeze hili kwenye mzani: marejea inapunguza minyoo fundo, wale wanaofanya mizizi iwe na mavimbe kama shanga. Bustani iliyorudia nyanya miaka mingi inafaidika na marejea hata ukisahau habari ya naitrojeni.

Usalama sasa. Punje za mukuna zina kemikali iitwayo L-dopa, na kuchemsha mara moja hakutoshi kuzifanya chakula. Zikae mbali na jikoni na watoto. Ndugu wa marejea, hiyo jamii ya Crotalaria, wamo wenye sumu ya ini kwa mifugo. Usimfungie mbuzi humo ukaenda zako.

Mvua ndiyo inayoamua

Pwani ya Tanga ina masika ya Machi mpaka Mei, mara Juni, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katikati mchoo kidogo, zile mvua chache za kati ya masika na vuli. Masika ni ya mahindi. Hakuna mtu mwenye watoto nyumbani atakayeitoa kwa majani. Kwa hiyo njia zinazobaki ni mbili.

Ya kwanza ni kutoa vuli. Panda marejea mvua za Oktoba zikishika, Januari inachanua, inakatwa. Hapa kuna mtego wa kaskazi. Majani yaliyokatwa Januari na kuachwa juu ya mchanga wa Pongwe au Mkinga yanapigwa na jua na upepo hadi Machi, yanavunjika kuwa vumbi, na sehemu ya naitrojeni inaondoka hewani. Afadhali kuchelewesha upandaji hadi Novemba ili kukata kuangukie mwisho wa Februari, ukubali mazao pungufu ya majani. Ukifukia, fanya hivyo kama wiki mbili kabla ya kupanda. Mbegu iliyowekwa juu ya majani yanayooza moto huungua au kuoza. Na usifukie mapema kuliko hapo kwenye mchanga, kwa sababu naitreti, ile naitrojeni inayoyeyuka kwenye maji, ikishatoka na mahindi bado hayana mizizi, mvua nzito ya Aprili inaishusha chini isikofikiwa. Mahindi yanaanza kudai kweli kuanzia wiki ya nne, na dai linapanda hadi yanapotoa mbelewele. Majani yaliyolazwa juu tu bila kufukiwa yanatoa polepole, na kwa mchanga wa pwani mimi naona polepole ndiyo salama. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Muheza na Korogwe unashikilia vizuri zaidi. Huko kufukia kunalipa.

Njia ya pili haitoi msimu wowote: mukuna chini ya mahindi ya masika. Sharti ni kuchelewa. Ipandwe mahindi yakiwa na wiki sita hivi, baada ya palizi ya pili. Ikiwahi, inapanda juu ya mabua na kuyalaza, na siku ya kuvuna utakuwa unatafuta mahindi kama mtu aliyeangusha pete. Ukishavuna, mukuna inabaki peke yake na unyevu wa mwisho wa masika pamoja na mchoo, inafunika shamba hadi vuli, na hapo unaikata na kupanda. Wakulima wa pwani ya kaskazini ya Honduras, nchi yenye mvua nyingi, walikuwa wakilima mahindi na mukuna kwa mzunguko wa namna hiyo kwa miaka mingi. Tofauti yetu na wao ni mvua: Handeni miaka mingine mukuna haitavuka Agosti ikiwa na jani.

Na Handeni na Kilindi kuna jambo la ng'ombe. Chochote cha kijani kinachosimama kiangazi ni malisho, na mkulima hawezi kulilinda usiku na mchana. Kabla ya kununua mbegu, zungumzeni kijijini. Bila makubaliano ya malisho, hesabu ya kilo 50 ni ya mwenye ng'ombe.

Kunde na mbaazi: unakula, lakini naitrojeni?

Wanaosema "panda kunde, utapata mboga, utapata kunde, utapata na mbolea" wanahesabu kitu kimoja mara mbili. Naitrojeni ya kunde ikikomaa inahamia kwenye punje, na punje unaziweka kwenye gunia na kuondoka nazo. Mabaki yanayobaki shambani ni machache, na kama na majani uliyachuma kwa mboga, udongo umepata kidogo sana. Ukifukia kunde nzima ikiwa na maua, siku 50 au 60 hivi tangu kupanda, hapo inakuwa mbolea ya kijani kweli, ya haraka kuliko zote nilizozitaja. Chagua moja. Mwenye robo ekari na familia nampa ruhusa ya kuila bila kujilaumu, ila asipange mahindi yajayo kwa naitrojeni ya kunde iliyokwisha pikwa.

Mbaazi iko katikati. Aina za kienyeji zinakaa shambani miezi mingi, mizizi inakwenda chini, na majani yanapukutika wakati mmea bado umesimama, kwa hiyo udongo unapata fungu lake hata punje zikivunwa. Inakaa vizuri na mahindi kwa sababu inakua polepole mwanzoni. Mti wake ni kuni. Kwa ukavu wa Handeni ningeanza nayo kabla ya mukuna. Bei ndiyo isiyoaminika: India ilipozuia uagizaji mwaka 2017, wakulima wa Tanzania walibaki na magunia ndani. Ilimeni kwa ajili ya udongo na mboga ya mbaazi ya nazi. Mnunuzi akija, faida ya ziada.

Majani ya kukata: tughutu, alizeti pori, glirisidia

Lushoto hakuna nafasi ya kulaza shamba. Vipande ni vidogo, vya mteremko, na kila kimoja kina kazi. Huko Washambaa wana tughutu, kichaka cha mipakani ambacho wamekijua kwa vizazi kuwa kinanenepesha ardhi, na watafiti wa udongo wa Mlingano, Muheza, walilichukua jambo hilo na kulifanyia majaribio na wakulima, wakichanganya tughutu na fosfeti ya Minjingu. Kwangu hiyo inatosha kumwambia mtu wa Soni asihangaike na mbegu ya kuagiza.

Alizeti pori nayo inaota barabarani bila kuombwa, na majani yake makavu yana naitrojeni ya asilimia 3 na nusu hivi, pamoja na potasiamu nyingi. Laini, inaoza upesi. Lakini tughutu na alizeti pori si mikunde. Hazivuti chochote hewani; zinakusanya kilicho ardhini pale zilipo, nawe unakihamisha. Pia ni maji matupu: ili upate tani mbili kavu kwa ekari, unabeba tani kumi au zaidi kichwani, kwenye mteremko. Kwa hiyo ni dawa ya kitalu, ya tuta la kabichi, ya shimo la mgomba. Kwa ekari ya mahindi, mgongo utakataa kabla ya shamba.

Glirisidia ni hesabu nyingine. Ni mkunde, ni mti, unapandwa kwa vipande vya tawi kama unavyochomeka fito za ua. Mwenye pilipili manga anauhitaji mti wa kupandishia hata hivyo. Akiufanya kuwa glirisidia, anapata nguzo hai, kivuli cha kupunguza na majani yenye naitrojeni ya asilimia 3 hadi 4, mara mbili tatu kwa mwaka. Hakuna msimu uliopotea, hakuna mbegu ya kununua. Kwa mashamba ya viungo ya Muheza sioni sababu ya kutafuta zaidi, isipokuwa kusubiri: mwaka wa kwanza usiupogoe, uache ushike.

Samadi niitaje kwa ufupi, maana wengi watauliza. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu nne; haungoji mbolea ya kijani, unataka samadi ya kuku iliyoiva. Tatizo la samadi ya kuku ni asili yake: soko la hai la Ulaya halikubali ya ufugaji wa viwandani, kwa hiyo muulize mkaguzi kabla gari halijashusha.

Nani achukue nini

Mwenye ekari mbili tatu za pwani na anayeweza kuiachia vuli: marejea. Mwenye kipande kimoja chenye ndago: mukuna chini ya mahindi. Michungwa: marejea au kanavalia. Viungo: glirisidia. Mlimani: tughutu, na alizeti pori kwenye mashimo tu. Handeni: mbaazi, baada ya kuongea na wafugaji.

Anayelima shamba la kukodi namtenga, kwa sababu ushauri mwingi unamsahau. Sehemu kubwa ya naitrojeni ya mbolea ya kijani inatoka msimu wa pili na kuendelea, na kodi ya shamba mara nyingi ni ya msimu mmoja. Ukiinenepesha ardhi, mwenye shamba anaweza kuona mahindi yamependeza akaitaka mwakani. Kabla ya kumwaga mbegu, andikishaneni miaka mitatu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwa bei ile ile. Akikataa, panda kunde, ule, uondoke na gunia lako.